Mama kapata 17 kwenye 30, kaka anataka hati ya nyumba

Anti shikamoo,

Mimi ni mtoto wa mwisho kwa mama yetu, tuko watatu, naishi nae Igoma hapa Mwanza na ndo maana naandika mimi, hawa wengine wanaongea tu kwenye grupu la familia ila aliyeko nyumbani ni mimi. Mama ana miaka 71, aliishia darasa la nne, maisha yake yote kafanya biashara ya dagaa na samaki wa moshi pale Mwaloni Kirumba, na wadeni wote alikuwa anawaweka kichwani, daftari la nini. Aliacha magoti yalipoanza kumsumbua, sasa hivi ana genge dogo hapa nje, nyanya na vitunguu, asikae bure.

Sasa kama mwaka hivi naona amebadilika. Anauliza kitu, namjibu, dakika kumi haziishi anauliza tena kile kile na wala hatanii. Chenji anakosea, mtu katoa elfu tano anarudishiwa elfu saba, majirani waaminifu wanarudisha, wengine wanakaa kimya. Wali unatiwa chumvi mara mbili. Usiku anaamka anazunguka uani. Lakini muulize MV Bukoba ilivyozama 96, atakwambia alikuwa wapi, nani alimletea taarifa, mpaka majina ya wenzie wa Mwaloni waliofiwa. Hapo ndo nachanganyikiwa, mtu hakumbuki chai ya asubuhi, ya 96 anayakumbukaje?

Tukampeleka kliniki moja ya binafsi. Kijana wa pale akampa karatasi, achore saa, achore boksi, aunganishe namba na herufi, atoe saba kwenye mia aendelee kutoa saba, arudie maneno. Miwani tulikuwa tumeisahau nyumbani, na kijana mwenyewe anaongea chini chini tena haraka. Akapata 17 kwenye 30. Tukaambiwa chini ya 26 siyo kawaida, hii ni Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau, mjiandae. Yani robo saa tu imeisha.

Toka hapo nyumba haina amani. Kaka mkubwa anasema mama asaini hati ya nyumba ihamie kwake kabla akili haijaisha kabisa. Dada yuko Geita, yeye anasema huo ni uzee tu, mnamsumbua mama bure. Mama mdogo kaja kutoka Magu, kamwangalia macho mekundu, kasikia anatembea usiku, akatoka nje kuanza kunong'ona na majirani maneno ambayo hata kuyaandika sitaki.

Mimi nikaingia intaneti nikaipata karatasi ile ile, kila Jumapili tukitoka kanisani namfanyisha. Anti, sasa hivi anapata 22! Anapona? Au ni dawa za presha zinasaidia? Maana anakunywa za presha, na Piriton kila usiku alizizoea toka mafua ya mwaka juzi zinampa usingizi, zaidi ya hapo hana dawa nyingine. Tivii anafungulia mpaka jirani analalamika ila kwingine yuko fiti tu.

La mwisho, mi nina miaka 38, juzi nimesahau namba ya siri ya M-Pesa mbele ya wakala nikatetemeka. Hivi hicho kipimo kinaweza kutabiri kama na mimi yatanikuta? Nifanye mapema nijue moja?

Mtoto wa mwisho, Igoma

*

Marahaba mwanangu, na pole, maana wewe uko na mama, wenzio wako na bando.

Tuanze na hiyo 17 kwa sababu ndo imewasha moto. Kwa ulivyoielezea hiyo karatasi ni MoCA, ilitengenezwa Montreal, Kanada, na daktari Ziad Nasreddine na wenzake, ikachapishwa 2005. Walitaka kuwanasa watu ambao tatizo lao bado dogo, wale ambao kipimo cha zamani cha MMSE cha mwaka 1975 kilikuwa kinawapitisha kama wazima. Ni kipimo kizuri, sikikandii. Lakini kuchora boksi lenye pande zote, kuunganisha namba na herufi kwa zamu, hivyo ni vitu ambavyo mkono umezoeshwa shuleni. Wenyewe walioitengeneza wanalijua hilo, ndo maana aliyesoma miaka 12 au pungufu anaongezewa alama moja. Moja tu! Yani mama wa darasa la nne na mtu aliyemaliza fomu foo wote wanapewa ile ile moja. Kwa hiyo 17 ya mama ni sawa na kupima dagaa na ndoo yake, kilo umezisoma kwenye mzani lakini ndoo hujaitoa, na hapo bado hatujaongeza kwamba alipimwa bila miwani na mtu anayenong'ona.

Kwa hiyo robo saa na karatasi haviwezi kumwambia mtu una Alzheimer. Karatasi kazi yake ni kusema huyu aangaliwe zaidi, basi. Aliyewaambia mjiandae kawapa jibu ambalo karatasi haina.

Ila dada yako wa Geita naye asishangilie.

Kinachonitia wasiwasi kwenye barua yako ni chenji. Mwanamke aliyebeba madeni ya Mwaloni kichwani miaka yote bila daftari, leo elfu tano inarudi elfu saba, hapo hatumlinganishi na watu wa Montreal, tunamlinganisha na yeye mwenyewe wa miaka mitano nyuma, na ameshuka. Uzee wa kawaida unamchelewesha mtu, jina linamponyoka mchana linakuja jioni akiwa anaosha vyombo. Kuuliza swali lile lile ndani ya dakika kumi ni kitu kingine, maana yake jibu halikuingia kabisa.

Na hapo ndo jibu la MV Bukoba. Ndani ya ubongo kuna sehemu mbili ndogo, moja kila upande, wataalamu wanaziita hipokampasi, ndizo zinazopokea mambo mapya yahifadhiwe. Alzheimer kwa kawaida inaanza kuharibu maeneo hayo. Ya 96 yalishahifadhiwa kwingine zamani, tena yale ni ya msiba mzito, ameyasimulia mara ngapi hapo uani? Kwa hiyo kukumbuka ya zamani hakuthibitishi kwamba yuko salama, na familia nyingi sana zinadanganyika hapo, eti bibi anakumbuka mpaka bei ya sukari enzi za vita vya Kagera, hawezi kuwa mgonjwa. Anaweza.

Ndo maana mpimaji anayejua kazi haangalii jumla peke yake, anaangalia alama zilidondokea wapi. Wawili wanaweza kupata 17 wote. Mmoja kakosa michoro na kutoa saba saba ila maneno matano aliyopewa kayakumbuka baada ya dakika chache. Mwingine kachora vizuri ila maneno hana hata moja, na hata akidokezwa, mfano neno moja lilikuwa kiungo cha mwili, bado halimjii au anataja ambalo halikuwepo. Yule wa pili ndo anafanana zaidi na Alzheimer, kwa sababu dokezo linasaidia kitu kilichoingia kikagoma kutoka, kisichoingia dokezo litakivuta kutoka wapi? Kwa hiyo rudi kliniki uombe nakala ya karatasi ya mama, yenyewe, siyo namba tu.

Sasa Jumapili zako. Hapana mwanangu, hajapona, ameizoea karatasi. Ukimpa mtu mtihani ule ule kila wiki atapanda, hata mimi ningepanda. Kuna kahabari kazuri humo, mtu anayeweza kuzoea ana kitu bado kinaingia, na watafiti wameona kwamba wale ambao hawapandi hata kidogo wakirudia ndo wenye mashaka zaidi. Lakini acha. Ukiendelea, daktari atakuja kupima mazoezi yako badala ya kichwa cha mama. Mwambie wazi kabisa umekuwa ukimfanyisha, MoCA ina matoleo mengine yenye maneno tofauti, atumie hilo.

Halafu kuna sentensi umeipitisha kama haina maana nikairudia kusoma. Piriton kila usiku toka mwaka juzi! Kidonge kile cha njano jina lake klofeniramini, pamoja na kuzuia mafua kinazuia kemikali ya ubongo inaitwa asetilikolini, na hiyo ndo kemikali ambayo kumbukumbu inaitegemea. Donepezili, dawa wanayopewa wagonjwa wengi wa Alzheimer, kazi yake ni kuifanya kemikali hiyo hiyo idumu. Umeona mchezo? Kwa kijana Piriton ni usingizi tu, kwa mama wa miaka 71 inaweza kumchanganya, na mtu aliyechanganyikiwa usiku ndo huyo anazunguka uani. Sisemi Piriton ndo tatizo lote, sijui, ila huwezi kumpima mtu kumbukumbu na hiyo iko kwenye damu ukasema umepima. Daktari aambiwe, amsaidie kuiacha. Za presha zenyewe asiguse mtu, presha ikiachwa inaleta kiharusi na kiharusi kinaleta usahaulifu wake wenyewe ambao siyo Alzheimer.

Tivii nayo siyo jambo la kucheka. Ripoti ya jopo la Lancet, jarida la madaktari, ya 2024 iliorodhesha mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa usahaulifu na ambayo yanaweza kupunguzwa, kusikia vibaya limo, presha imo, kisukari kimo, kutoona vizuri kumo. Na hata tukiacha ripoti, mtu asiyesikia neno atalirudiaje? Masikio yaangaliwe, inawezekana ni nta tu imejaa.

Mpelekeni Bugando, ndo hospitali ya rufaa ya kanda, au muanzie Sekou Toure mpewe rufaa ikihitajika, bima yenu mtaijua wenyewe. Watachukua damu waangalie tezi ya shingo, vitamini B12, sukari, upungufu wa damu, VVU na kaswende, na hapo kwenye kaswende mtu asije akaanza kununa eti mama yetu kadharauliwa, ni magonjwa yanayoweza kuvuruga akili na yana matibabu, ndo maana wanatafuta. CT scan inaweza kuonyesha kiharusi cha kimya kimya au damu iliyovia baada ya kuanguka, wazee wengine huanguka wakanyamaza. Na waulizwe kuhusu sonona. Mama aliyezoea kelele za Mwaloni alfajiri kukiwa giza, ghafla yuko Igoma na nyanya, moyo unaweza kuzima na kichwa kikafuata, na kwenye karatasi inaonekana vile vile.

Muulizeni daktari pia kama wanatumia IDEA. Hicho ni kipimo kifupi kilichotengenezewa wazee wa huku kwetu ambao hawakusoma sana, kilifanyiwa kazi wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na Nigeria, kikachapishwa 2014. Hakuna kushika kalamu. Anaulizwa daraja ni kitu gani (wa Mwanza siku hizi atakujibu la Busisi, sijui wanaweka vema au kosa), leo siku gani, ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, apange njiti za kiberiti zifanane na mchoro, akumbuke orodha ya maneno. Alama zote 15, akipata 7 kushuka ndo wanakuwa na wasiwasi mkubwa. Huko huko Hai walihesabu wazee wa miaka 70 na kuendelea, wenye ugonjwa wa usahaulifu wa aina zote wakawa kama 6 kwenye kila 100. Wapo, siyo wachache wa kupuuza, ila umri wa mama peke yake siyo hukumu.

Na wewe una kipimo ambacho daktari hana, macho yako. Kuna maswali 8 yanaitwa AD8, yalitoka chuo kikuu cha Washington kule St. Louis, Marekani, hapo mgonjwa haulizwi kitu, anaulizwa anayeishi nae: anarudia rudia maswali? hesabu za pesa zimekuwa ngumu? amepoteza hamu na vitu alivyovipenda? anasahau mwezi au mwaka? Kwa kila jambo unalinganisha na alivyokuwa miaka michache iliyopita, ndiyo zikifika mbili apelekwe akaangaliwe. Kwa barua yako nimehesabu mbili bila hata kutafuta. Andika ulichokiona na lini, chenji, chumvi, usiku, uende nacho, kitamsaidia daktari kuliko 17.

Mkimaliza mnaweza kuambiwa kumbukumbu imepungua kidogo ila bado siyo ugonjwa kamili. Msilie msiba. Kwenye kliniki za kumbukumbu, wa kundi hilo wanaoingia kwenye ugonjwa kamili ni kama 10 mpaka 15 kwa kila 100 kwa mwaka, wengine wanabaki pale pale miaka, wengine wanarudi kuwa sawa hasa kama kulikuwa na dawa au huzuni iliyowachanganya. Kutabiri kwenyewe ndo huko, kipimo cha leo, kingine baada ya miezi sita au mwaka, unaona mstari unaelekea wapi. Kipimo kimoja hakina mwelekeo. Siku hizi kuna na vya damu, Marekani waliidhinisha cha kwanza Mei 2025, lakini hata kule ni kwa mtu wa miaka 55 na zaidi ambaye tayari ana dalili, siyo kwa kila anayejihisi.

Ambayo inanileta kwako na M-Pesa yako. Miaka 38, unalea mama anayeamka usiku, usingizi wako uko wapi? Namba ya siri inapotea kwa mtu aliyechoka. Ni kweli mabadiliko ya Alzheimer kwenye ubongo yanaanza miaka 15 hata 20 kabla ya dalili, lakini MoCA haiyaoni kwa mtu wa umri wako, utapata 28 ukalala vizuri au 25 ukakosa usingizi mwezi mzima, na zote mbili hazikwambii kitu. Alzheimer ya kurithi moja kwa moja inayoanza mapema ipo lakini ni nadra sana na mara nyingi inaanza mtu hajafika 65, kwa mama haionekani hivyo. Kuna utafiti maarufu wa masista wa kanisa, Marekani, walikuwa 678, David Snowdon na wenzake wakasoma historia za maisha ambazo baadhi yao waliziandika wakiwa wasichana wa miaka ishirini na kitu, na 1996 wakatoa matokeo kwamba kati ya walioandika sentensi zilizojaa mambo mengi ni wachache waliougua Alzheimer uzeeni. Kwa barua yako hii sentensi moja ina watu wanne na samaki, uko salama, natania. Yale yalikuwa ya kundi, sista mmoja mmoja hawezi kuambiwa wewe utaugua wewe hutaugua. Kapime presha na sukari, hizo zina dawa leo.

Kaka mkubwa. 17 haimnyang'anyi mama haki ya kitu chake, na kumshikisha kalamu siku ambayo hajui jana ilikuwaje kutamletea kaka kesi hata kama nia yake nzuri. Mama akishaangaliwa, asubuhi moja ambayo yuko sawa, watoto wote watatu mkiwepo, dada apande basi aje, aulizwe yeye anataka nini kuhusu nyumba yake, na mwanasheria asiye rafiki wa kaka awepo. Mpaka hapo hati ibaki ilipo.

Mama mdogo simchekei. Macho ya mtu aliyekaa kwenye moshi wa samaki maisha yake yote yawe na rangi gani? Kanda hii tunajua wazee wangapi wameuawa kwa macho mekundu na mnong'ono wa ndugu kwamba ni wachawi, na wengi walianzwa hivi hivi, anatembea usiku, anaongea peke yake. Mwite leo, mbele ya wakubwa wa familia, mumwambie ni ugonjwa anatibiwa. Akiendelea, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi, usione aibu ya undugu. Na mlango wa uani uwekewe komeo la juu usiku, wewe ulale chumba cha karibu.

Siku ya hospitali nendeni asubuhi akiwa ameshakula, miwani usoni, dawa zote kwenye mfuko na Piriton zikiwemo, usimjibie maswali. Genge msilifunge, kule ndo anapoongea na watu. Nyanya apange yeye, chenji ushike wewe.